Kikaratasi Ndani ya Daftari la Mvua

Kwa siku tatu mfululizo Fundi hakuvua barakoa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo aliishukuru. Daftari la mwisho lilikuwa limeletwa likiwa limejaa kuvu, na kuvu halina mchezo na mapafu ya mtu. Hiyo ndiyo sababu aliyomweleza kila aliyeuliza. Sababu ya pili hakumweleza mtu: kitambaa kile cheupe kilimficha pua, mashavu na midomo, na midomo yake ilikuwa imeanza tabia mbaya ya kutetemeka kila Mpigapicha alipopita karibu.

Chumba kilikuwa kimoja, kirefu, chenye madirisha upande wa kaskazini tu ili jua lisiingie moja kwa moja. Waliofanya kazi humo walikuwa wanne. Ndani yake yalipita madaftari mia tatu na kumi na mbili ya mvua. Kwa miaka sabini makarani wa vituo vya hali ya hewa waliamka kila asubuhi, wakapima maji yaliyokusanyika usiku, wakaandika. Sasa kila ukurasa ulitakiwa kupigwa picha, ili wanaochunguza mwenendo wa mvua wausome popote walipo bila kuugusa. Lakini ukurasa hauletwi mbele ya kamera na mavumbi yake. Ulianzia mezani kwa Fundi, aliyeupangusa kwa brashi laini, akang'oa pini zilizoota kutu, akaziba nyufa kwa karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu na gundi ya wanga, kisha akaulaza chini ya vyuma vizito mpaka unyooke. Kutoka hapo ulikwenda kwa Mpigapicha, kwenye kona yake yenye pazia jeusi. Mama Maboksi alilipima kila daftari na kulitengenezea boksi lake.

Wa nne alikuwa Baba, baba mzazi wa Fundi. Alikwisha kustaafu umeneja wa masjala miaka minane iliyopita, lakini alirudishwa kwa heshima zote, kwa kuwa ni yeye tu aliyeweza kusoma mwandiko wa makarani wale. Alikaa mbele ya kompyuta, akazikagua picha moja baada ya nyingine, na kwa kila picha akatia alama kwenye fomu yake: Imepita au Irudiwe. Katika ukaguzi wake Baba alikuwa mkali kwa watu wote. Kwa Mpigapicha alikuwa mkali zaidi, na wote wanne walijua kwa nini.

"Fundi," aliita Mama Maboksi bila kuinua macho kwenye rula yake. "Ukurasa huo umeupangusa tangu saa tatu. Unataka ujione uso humo?"

"Una kuvu, Mama."

"Kuvu ninaloliona mimi haliko kwenye karatasi."

"Mama, tafadhali."

"Haya, nimenyamaza. Mimi ni mtu wa maboksi tu." Akakata kadibodi. "Lakini leo ni Alhamisi, na saa nne na nusu hiyo. Na yule mwenzio ameshaanza kuzifunga lenzi kwenye vitambaa."

Fundi hakutazama. Alikuwa ameshaona.

Jumamosi iliyopita, Baba alipokuwa ametoka kwenda kunywa chai, Mpigapicha alikuja mezani kwake akasimama upande wa pili wa mashine ya kubania kurasa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema aliyokuwa nayo kama mtu aliyeyapanga njiani.

"Kampuni yangu inanitaka niende kwenye kazi nyingine. Miaka miwili, na ni mbali. Hapa nao wamenipa nafasi ya kudumu kwenye chumba kipya cha picha. Ukiniambia baki, nitabaki, na wazee wangu watakuja kubisha hodi kwenu. Ukiniambia nenda, nitakwenda bila kinyongo."

"Lini unataka jibu?"

"Alhamisi saa sita mchana lazima niwapigie simu."

"Nipe nafasi niwaze."

"Ni Baba?"

"Ni Baba," alikiri.

Na kweli alikuwa Baba. Mara ya kwanza Fundi alipolitaja jambo lile nyumbani, mzee aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayelaza yai.

"Mwanangu, umeliona begi lake?"

"Begi gani, Baba?"

"Lile jeusi analoliweka mlangoni. Miezi saba sasa liko pale pale, limefungwa zipu. Halijawahi kuingia kabatini hata siku moja. Mimi nimejikwaa nalo mara mbili. Mtu ambaye begi lake liko mlangoni, moyo wake uko njiani."

"Ni begi la vifaa, Baba."

"Hata kama ni la ndizi! Nataka mtu atakayekushika akakaza."

Fundi angeweza kumjibu. Angeweza kumkumbusha siku ile ya selotepu, lakini hakutaka kumuumiza.

Ilikuwa mwezi wa pili wa kazi. Ukurasa mmoja ulikuja ukiwa umebandikwa selotepu juu hadi chini. Miaka ilikuwa imeigeuza rangi ikawa kama ukucha wa mgonjwa, gundi yake ikazama kwenye karatasi na kuumeza wino. Baba aliiona kwenye kompyuta picha iliyopigwa kabla ya ukarabati, akafoka chumba kizima kikasikia: "Mshenzi gani aliyebandika uchafu huu?" Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu ya bluu, kulikuwa na saini ndogo ya mtu aliyefanya ukarabati. Fundi aliitambua kabla mzee hajaifikia kwa macho. Ilikuwa ya Baba mwenyewe, ya enzi za ujana wake masjala. Damu ikamwisha usoni. Mpigapicha hakuitazama saini, alimtazama Fundi. Kisha akamgeukia mzee akasema kwa upole, "Ni mtu aliyekipenda kitabu hiki, Mzee. Aliogopa kisije kikapotea."

Baba akasogea karibu na kioo cha kompyuta, akaikuta saini. Kisha picha ile akaipitisha.

Jioni hiyo ndipo Fundi alipojua kwamba moyo wake umeshahama.

Kwa hiyo Jumatatu alifanya alichokifanya. Simu hazikuruhusiwa ndani. Zilikaa kwenye kabati la mlangoni. Kusema kwa mdomo mbele ya Baba na Mama Maboksi lilikuwa jambo asiloliweza. Tena neno zito namna ile aliliona linastahili karatasi, si kioo cha simu kinachofutika. Akachukua kipande cha karatasi safi isiyo na tindikali, akachonga penseli, akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka: *Baki. Jibu langu ni ndiyo. Baba niachie mimi.* Akakichomeka kwenye daftari la mia tatu na tisa, kati ya jani la themanini na nane na la themanini na tisa, akijua kwamba litapigwa picha alasiri ile ile.

Akakaa akatazama. Aliona kila kitu kupitia mwanya wa pazia. Mpigapicha alifunua jani, akakikuta kikaratasi. Akakiinua kwa ncha za vidole. Akakilaza juu ya karatasi nyeusi, akaweka rula ndogo upande mmoja na kadi ya rangi upande wa pili, kama kanuni inavyotaka kwa kitu chochote kinachokutwa ndani ya daftari. Taa ikawaka, ikazima. Akakirudisha mahali pake. Akafunua jani lililofuata.

Uso wake haukubadilika hata chembe. Wala hakuja, wala hakukohoa. Jumanne alisema "Habari za asubuhi." Jumatano alisema "Habari za asubuhi." Ndipo barakoa ilipopata kazi yake ya pili.

Leo Alhamisi, saa tano na robo, nyayo za Mpigapicha zilikuja mpaka mezani kwa Fundi.

"Fundi. Nimekuja kukuaga."

"Nenda salama."

"Hivyo tu?"

"Ulitaka nini tena?" Sauti yake ilitoka nzito nyuma ya kitambaa. "Nikuandikie barua?"

"Ungeniandikia ningefurahi," alisema Mpigapicha, na alisema bila kejeli, jambo lililomzidishia Fundi hasira. "Siku tatu sijauona uso wako. Nilipokuuliza ulisema nikupe nafasi uwaze. Nimekusubiri. Ukimya nao ni jibu; nimelipokea."

"Ukimya wangu? Ukimya *wangu* mimi?"

"Nimesema nitakwenda bila kinyongo."

"Una moyo wa chuma wewe! Mtu anaweka..."

"Wewe, Mpigapicha!"

Ilikuwa sauti ya Baba. Hakuita kama kawaida yake. Aliita kama alivyokuwa akiwaita makarani waliochelewa. "Njoo hapa. Sasa hivi."

Mpigapicha alimtazama Fundi mara moja, kisha akaenda. Fundi naye akafuata bila kujua miguu inampeleka wapi. Mama Maboksi aliweka mkasi chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla ya saa sita tangu kazi ianze.

Baba alikuwa amesimama, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, kidole kimeelekezwa kwenye kioo.

"Daftari la mia tatu na tisa. Picha ya mia mbili na kumi na mbili. Umeipiga wewe?"

"Nimezipiga zote, Mzee. Haijanyooka?"

"Imenyooka!"

"Kuna kivuli?"

"Hakuna kivuli! Mwanga safi, kingo safi, kila herufi inasimama yenyewe. Ndicho kinachonikera!" Mzee alivuta pumzi. "Kijana, mimi nimekuchunguza miezi saba. Nilidhani shida yako ni haraka. Kumbe ni jeuri! Binti yangu amepiga moyo konde, amekaa chini, amekuandikia kwa mkono wake. Nawe umemwekea rula! Umempiga picha, umemrudisha ndani, umefunua ukurasa mwingine kama mtu aliyekuta karatasi ya kufungia sabuni! Siku tatu! Hata neno moja! Hivyo ndivyo mtu anavyomfanyia mwanangu?"

Mashine ya kupunguza unyevu ilinguruma pembeni.

Mpigapicha aligeuka polepole kumtazama Fundi.

"Ameandika nini?" aliuliza.

"Unaniuliza mimi?" alisema Baba.

"Mzee, sijui ameandika nini. Mimi sisomi."

"Husomi! Huna shule?"

"Shule ninayo, Mzee. Kazini ndipo nisiposoma. Natazama pembe nne, kivuli na ukali wa herufi, basi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nasoma. Nikakutana na karani mmoja aliyeandika pembeni mwa hesabu zake kwamba mkewe ana uchungu wa kujifungua tangu alfajiri. Nikafunua, nikafunua, nijue amepata mtoto gani. Ilipofika jioni nilikuwa nimepiga picha kumi na moja tu. Siku hiyo nikala yamini nisisome tena."

"Alipata mtoto gani?" aliuliza Mama Maboksi.

"Mapacha."

"Alhamdulillahi."

Fundi alidhani analia. Kumbe kilichomjia kilikuwa kicheko. Alikishikilia, kikamponyoka, barakoa ikatuna kama tanga. Miezi saba alikuwa ameketi hatua kumi kutoka kwa mtu huyu, akiipenda hasa ile namna yake ya kutazama karatasi kwa utulivu. Hakuwahi kufikiri kumuuliza anatazama nini.

"Ngojeni kwanza," alisema Mama Maboksi, akihesabu kwa vidole. "Mzee amesoma. Fundi ameandika. Mimi nimesoma..."

"Wewe umesoma lini?" alifoka Baba.

"Asubuhi, nilipokuwa nalipima daftari, wewe umekwenda kunawa mikono. Macho hayana pazia, Mzee. Kwa hiyo wote humu tumesoma isipokuwa mwenye barua?"

Mpigapicha hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameielekea rafu, ameshanyoosha mkono kulichukua daftari, kisha akasita. Akautazama mkono wake. Ulikuwa na vumbi la mikoba. Akageuka akaenda kwenye sinki.

"Unafanya nini?" Mama Maboksi karibu apige yowe.

"Nanawa."

"Saa sita kasoro dakika ishirini na tano, wewe unanawa!"

"Mikono mikavu na safi, Mama. Ndiyo kanuni."

Akanawa mpaka kwenye viwiko, akajifuta kidole kimoja kimoja. Fundi alimtazama, na katika dakika ile ndefu yenye harufu ya sabuni alijua kwamba hata kama angeishi naye miaka hamsini, mtu huyu angemchelewesha kila mahali, na kila mahali angefika salama. Alishika kamba za barakoa akaivua. Hewa ilimgusa mashavu.

Mpigapicha alilileta daftari mezani, akaliweka kwenye mto wake, akalifunua kwenye jani la themanini na nane. Kikaratasi kilikuwa pale pale, kati ya mwezi mkavu na siku ya kwanza ya manyunyu. Alisoma taratibu, midomo ikichezacheza, kama mtu anayejifunza kusoma upya.

"Soma kwa sauti," alisema Mama Maboksi. "Sisi tumeshazoea."

"'Baki,'" alisoma. "'Jibu langu ni ndiyo. Baba niachie mimi.'"

"Hapo!" Baba aligonga meza. "Hapo napo! 'Baba niachie mimi.' Mimi ni gunia la kuachiana?"

Mpigapicha alikuwa ameinua uso, na Fundi hakuwa na kitu cha kujifichia tena. Walitazamana kupita juu ya mvua za miaka sitini iliyopita, na kila mmoja akaona usoni mwa mwenzake siku zote tatu za ukimya zikiyeyuka. Fundi alitabasamu kwanza. Kisha wote wawili.

"Jumatatu ile," alisema Mpigapicha kwa sauti ya chini, "nilikishika mkononi."

"Ulikishika."

"Nikakiwekea kadi ya rangi."

"Ulikiwekea na rula pia."

"Nisamehe."

"Nitafikiri. Nipe mpaka Alhamisi ijayo."

"Baba," aliendelea Fundi, akimgeukia mzee. "Umemwita umgombeze kwa sababu hakunijibu."

"Nimemgombeza. Mtu akiandikiwa, hujibu. Ni adabu."

"Kwa hiyo unataka anijibu."

"Nataka ... ndiyo."

"Na akijibu anabaki?"

Mzee alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa ameingia mwenyewe kwenye mtego, kwa miguu yake, tena kwa kelele. Mama Maboksi alijitia kukagua boksi tupu, mabega yakimtikisika.

Baba alikaa. Aliponena, hakumwambia bintiye, alimwambia kijana.

"Ile selotepu ilikuwa yangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Ulijua siku ile ile."

"Sikusoma jina, Mzee. Niliuona uso wa Fundi."

"Ungeweza kunicheka. Mimi ningekucheka." Mzee alisugua kioo cha miwani kwa ncha ya shati. "Nilidhani ninalikaza daftari lisichanike. Kumbe ninalila. Huyu binti amekaa wiki nzima akiibandua milimita kwa milimita, na hajanieleza lolote. Mnanitunza ninyi wawili kama ukurasa mbovu." Akavaa miwani. "Mimi nikisema kushika, najua kushika kwa namna ile tu. Labda iko namna nyingine."

"Iko, Baba," alisema Fundi. Alimwekea mkono begani, na mzee akauacha pale.

Kisha akavuta fomu yake ya ukaguzi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa na machozi karibu na karatasi. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari. Picha zote za daftari la mia tatu na tisa zilikuwa na alama isipokuwa moja. Alichonga penseli, akaipuliza, akaandika kwa mwandiko wa mviringo wa wazee wa masjala. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika: *Barua, penseli, hali nzuri sana.* Kwenye nafasi ya uamuzi akaandika: *Imepita.*

Akaongeza sahihi, na safari hii akaifanya kubwa.

"Wazee wako waje," alisema bila kuinua kichwa. "Wabishe hodi kwa utaratibu. Na waje mapema, sipendi wageni wa kuchelewa."

"Watakuja, Mzee. Ahsante, Mzee."

Mpigapicha alikichukua kikaratasi akakielekeza kwenye mfuko wa shati.

"Rudisha!" alisema Fundi.

"Ni barua yangu!"

"Ni ya daftari. Kilichokutwa ndani hakitoki. Kitapewa namba, themanini na nane a, na kitakaa humo."

"Mpaka lini?"

"Karatasi hii na penseli hii? Miaka mia mbili, kama hakuna mtu atakayeibandika selotepu."

"Nimesikia hiyo," alisema Baba.

"Saa sita kasoro dakika tano!" Mama Maboksi alipiga makofi. "Barua itakaa miaka mia mbili, simu haitakaa! Kimbia, we mtoto!"

Mpigapicha alikimbia. Alifika mlangoni akiwa ameshanyoosha mkono kwenye kabati la simu, na hapo hapo mguu wake ukanasa kwenye mkanda wa begi lake mwenyewe. Alipepesuka, akashika mlango wa kabati, ukafunguka, akabaki ananing'inia nao.

"Niliwaambia!" alinguruma Baba kutoka kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza katika miezi saba chumba kile kilimsikia akicheka mpaka akakohoa. "Niliwaambia kuhusu begi lile!"

Fundi alikuwa ameshafika. Mpigapicha alisimama wima, simu sikioni, akingoja ipokelewe, macho yake yakiwa kwake. Fundi aliinama akalishika begi kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Rafu ya chini ya kabati ilikuwa tupu. Aliisafisha vumbi kwa kiganja, akalisukuma begi ndani mpaka likagusa ukuta.

"Haloo," alisema Mpigapicha kwenye simu. "Ndiyo, ni mimi. Nimepata jibu. Nabaki."

Fundi akaufunga mlango wa kabati.